Kadi Zilizokunjwa Pembe

Kadi nyingine tena ilikuwa imekunjwa pembe ya kulia. Niliinyoosha kwa ukucha ili ipite kwenye skana, kama nilivyozinyoosha nyingi tangu asubuhi. Nilikuwa nimeajiriwa kuwaingiza kwenye kompyuta wanachama wote wa chama cha kisomo cha watu wazima, na saa sita kila mmoja angetumiwa ujumbe kwa simu.

"Bibi, hizi anazikunja nani?" nilimuuliza katibu, aliyezitunza kwa miaka ishirini.

"Mimi. Hao hawapigiwi simu wala hawaandikiwi. Nyumbani hawajui kama wanajifunza kusoma. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo mimi."

"Wanamficha nani?"

"Wengine waume. Wengi huwaficha watoto waliowasomesha wenyewe hadi chuo kikuu."

Nilicheka, nikachukua kadi iliyofuata. Pembe yake ilikunjwa mara mbili. Kwenye picha alikuwa mama yangu, amevaa ile miwani anayodai kuisahau kila nikimpa kitu asome. "Nisomee wewe, mwanangu," huniambia.

"Unamfahamu?" katibu aliuliza.

"Hapana," nilisema, nikiukandamiza ule mkunjo kwa kidole gumba usije ukanyooka.