Shikamoo ya Pili

Mgombea ubunge alipiga magoti vumbini mbele ya Bibi Gaudensia, katikati ya akina mama wa Mogitu waliokuwa wakipepeta maharage.

"Shikamoo, mama yangu."

Bibi aliushusha ungo wake mapajani. Tangu azaliwe hakuwahi kupigiwa magoti na mtu mwenye gari. Alimshika kichwa kwa viganja vyake vilivyopasuka, machozi yakimlengalenga.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akutunze."

Kura yake alishampa palepale, moyoni.

"Mheshimiwa, Mlima Hanang haujatokea kwenye picha," alisema mpiga picha. "Turudie. Bibi, geukia huku kidogo."

Wakamgeuza pamoja na kigoda chake. Mgombea alikung'uta suruali, akatazama saa, akapiga magoti tena. Tabasamu lilikuwa lilelile.

"Shikamoo, mama yangu."

Bibi Gaudensia alirusha maharage juu, akayadaka, akapuliza makapi. Mgombea alibaki magotini, ameinamisha kichwa, akisubiri.

"Bibi, itikia basi," mpiga picha alinong'ona.

"Yangu nimeshaitikia," alisema bila kuinua macho. "Hiyo ni ya mlima. Subirini uitikie."