Tabaka Moja

Katika ukumbi wa michezo lilibaki tobibako tu, lile sanduku la mbao la kuruka, tabaka juu ya tabaka. Shule imefungwa, watoto wameisha kijijini, na sisi vibarua tunapakia lori. Mgongo wangu ulikuwa hoi.

Akaingia mwalimu Kuroiwa, mzee sasa, kavua viatu mlangoni. Yeye ndiye aliyenifundisha michezo humu kabla sijaacha shule.

"Si wewe uliyekuwa ukilikalia kama farasi?"

"Ndo mimi, mwalimu. Pisha tubebe."

"Ngoja. Niruke mara ya mwisho."

"Na nyonga hiyo ya bandia? Utaniharibia kazi!"

Hakunijali. Akachechemea hadi ukutani, akageuka, akalitazama sanduku. Hakukimbia.

Zamani nikiganda hivyo, alikuwa anapaza sauti darasa zima lisikie: "Mtoleeni moja huyo!" Wenzangu wanacheka, wanapunguza tabaka.

Nikanyanyua kifuniko cheupe cha sanduku, nikachomoa tabaka moja, nikakirudisha. Mwalimu alikuwa kageukia dirishani.

Nikasimama kando ya sanduku, mikono tayari kumdaka.

"Vua na soksi," nikamwambia. "Utateleza."