Marehemu wa Herufi Nane

Katekista aliposoma kwamba marehemu Projestus ameacha wajane wawili, mmoja hapa nyumbani na mwingine kisiwani Bumbire, waombolezaji waliacha kulia ili wasikie vizuri. Kaburini alikuwapo mjane mmoja tu, Ephrasia, naye alizimia papo hapo.

Kesho yake asubuhi alikuwa Muleba, kwenye ofisi ya mradi wa kahawa, pamoja na shemeji yake Kagaruki, mkubwa wa ukoo. Karani Aristides ndiye aliyeutoa ule wasifu kwenye disketi na kuuchapa karatasini. Ilikuwa 1992, watu wanakufa mfululizo kwa UKIMWI, na kompyuta ya kahawa ilishughulika zaidi na misiba kuliko kahawa.

"Kama mke wa pili yupo, ukoo unakaa Jumapili," Kagaruki alisema. "Tunakigawa upya kibanja, migomba na kahawa yote, pamoja na alichoacha kisiwani." Aliyasema kwa huzuni, lakini macho yake yalikuwa kama yameshaipima migomba ya marehemu.

"Waitu, nakusihi baba," Ephrasia akamwambia Aristides, "hebu angalia tena. Hamkukosea?"

Aristides alijua hawakukosea. Marehemu mwenyewe, akiwa hoi kitandani, ndiye aliyemtamkia mpiga chapa wa Bukoba maneno yale, ili aende mbinguni akiwa mwepesi. Disketi kutoka Bukoba ilikuja na wasifu mmoja tu, wake. Lakini yule mama alikuwa analia, na Aristides alimhurumia kutoka moyoni. Isitoshe, Kagaruki alikuwa hampendezi hata kidogo.

"Tumekosea," akasema. "Kompyuta ya Bukoba ni ya aina nyingine. Kule faili unaliita jina refu unavyotaka. Hii ya kwetu inachukua herufi nane, zilizobaki inatupa. Tazama, mzee."

Akaandika wasifuwaprojestus, akahifadhi. Akaandika wasifuwamuhidini, akahifadhi. Kwenye kioo likabaki faili moja: WASIFUWA.

"Muhidini ndiye nani?"

"Marehemu mwingine, mwenye wake wawili. Wasifu wake umemkalia ndugu yako. Jina la juu tuliliandika hapa, kwa hiyo mlichosomewa jana ni kichwa cha Projestus na kiwiliwili cha Muhidini."

Kagaruki alikikodolea macho kile kioo. Kubishana na karani aliweza. Kubishana na kompyuta, hapana. Akavaa kofia yake na kuondoka kwenda kuwaambia wenzake kwamba hakuna kikao.

Aristides alibaki akijiona mtakatifu mdogo. Alikuwa amemwokolea mjane kibanja chake, na zaidi ya hapo, heshima ya ndoa yake. Maskini, alijisemea, hatajua kamwe mumewe alikuwa mtu wa namna gani.

Ephrasia akafuta machozi, akafungua dirisha la nyuma lililoelekea mgombani, akahakikisha kwanza kwamba shemeji yake amepotelea barabarani.

"Mke mwenzangu, toka huko mgombani!" akaita. "Kibanja changu kimepona, na mashua yako ya Bumbire pia!"