Matete Kiwanjani

Mama muuza mbegu alishaanza kupima mtama wa malisho, maana ndio Mzee Kisanga alioununua kila mwaka kiangazi kilipomaliza majani.

"Safari hii nipe pingili za matete," mzee alisema.

"Matete ukishayapanda umeyapanda, mzee wangu. Mtama ni wa msimu mmoja, unakata na shamba linabaki wazi. Matete kuyang'oa ni kazi."

"Najua, mama."

Ng'ombe wake alikuwa mbavu nje, na ardhi iliyobaki ilikuwa ile tu ya mbele ya nyumba, kiwanja alichomwekea mwanawe Elikana ajenge siku atakayorudi. Vigingi vinne vilikuwa bado vimesimama pembeni. Miaka yote mzee alipanda humo mtama, ili Elikana akifika asikute kiwanja kimeshikwa.

Asubuhi yake aling'oa vigingi, akapanda matete mstari kwa mstari. Alipofika pale Elikana aliposema ataweka mlango, alipaacha wazi, akaendelea upande wa pili.

Mvua zilipokolea, matete yalimpita mtu kimo. Jioni moja mzee alisikia nyayo nje. Aliacha chakula chake, akachukua taa, akatoka haraka kuliko magoti yake yalivyotaka.

Ng'ombe alikuwa amekata kamba. Alikuwa amesimama kwenye ule uwazi wa mlango, anamtazama.

Mzee alibaki ameinua taa, na neno "karibu" bado liko mdomoni.