Anayedondosha Huulizwa

Chokoleti iliharibika mara ya pili, na msusi akaitazama kama imemtukana. Ilitakiwa iyeyuke iwe laini. Badala yake ilijikusanya madonge katikati ya sufuria, kavu kama udongo wa kiangazi. Tone moja tu la maji lilidondoka kutoka kwenye mfuniko, basi, kazi yote bure.

"Hata wewe," aliiambia sufuria.

Alibakiwa na kipande cha mwisho cha chokoleti, na leo Jumapili duka limefungwa. Akakivunjavunja, akaweka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji moto, safari hii bila mfuniko, akakoroga huku ameuma meno. Maziwa alitia kiduchu, makusudi. Aliitaka nzito, ya kung'ang'ania, ya kumnyang'anya mtu ndizi kwenye uma. Na ndizi zenyewe alichagua zilizoiva kupita kiasi, akazikata mapande makubwa makubwa.

Yote hayo ni kwa sababu ya sheria ya nyumba hiyo. Waliitunga wenyewe tangu uchumba: mkiizunguka sufuria ya chokoleti, atakayedondosha kipande chake anaulizwa swali moja, na analijibu kwa kweli tupu. Mumewe, fundi saa, alikuwa bingwa wa kukwepa maswali. Ukimuuliza hili anakujibu lile, mwisho unacheka na umesahau ulichotaka kujua. Lakini swali la sufuria alikuwa analiheshimu. Shida ni kwamba hakuwahi kudondosha. Mtu anayeshinda kutwa akishika skrubu ndogo kuliko chembe ya mtama, atashindwa na ndizi?

Na swali msusi alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu mwanaume huyo aanze kufuga ndevu, yeye aliyekuwa akinyoa kila asubuhi. Mashati yake ya vifungo ameyatelekeza kabatini, siku hizi ni fulana tu, utadhani kijana wa chuo. Chakula cha nyumbani anakidonoa, mara ameshiba, mara hana hamu. Simu anapokelea uani. Kibanda chake cha saa anakifunga mapema. Msusi alipita pale zaidi ya mara moja akakuta kufuli. Hata kushikana mikono njiani ameacha, mikono iko mfukoni muda wote. Kule saluni wateja walimsikiliza huku wakisukwa, wakakata shauri bila kusita: hapo kuna mtu. Siku hizi alikuwa analala akiukasirikia mgongo wa mumewe.

Alipoipeleka sufuria mezani, wifi yake, dada wa fundi, alichovya uma akaunyanyua kwa shida.

"Wifi, hii umepika au umefinyanga?"

Kabla msusi hajatia neno, wifi alishachukua jagi la maziwa ya chai na kumimina. Akakoroga, akamimina tena. Chokoleti ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Kwa chokoleti hiyo, hata mtoto wa kunyonya asingedondosha kitu.

"Nani kakuomba?"

"Nakusaidia, wifi yangu. Mbona umekuwa mkali hivyo?"

Msusi alitamani kulia. Asubuhi nzima jikoni, vidole vimeungua, na mtego umevunjwa kwa jagi la maziwa.

Wifi alichovya ndizi yake, ikatoka nzima. Msusi naye akachovya, ikatoka nzima. Fundi alikaa tu, mikono chini ya meza.

"Kuleni nyinyi," alisema. "Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu asubuhi hujala."

"Basi, jino linanisumbua."

"Hilo jino limeanza lini?"

Fundi akaanza kisa cha mteja mmoja aliyeleta saa ya babu yake ikiwa na mende ndani. Wifi akacheka. Msusi hakucheka. Alichukua uma, akausukuma mpaka mbele ya mumewe.

"Kama huna unachoficha, chovya."

Wifi akaacha kutafuna. Maneno ya namna hiyo hayasemwi mbele ya dada wa mtu, na msusi alilijua hilo, lakini alikuwa amechoka kuona haya peke yake.

"Wifi, jamani, huu si mchezo tu?"

"Kwake ni mchezo. Mimi nataka kuulizia maisha yangu."

Fundi alimtazama mkewe. Ule mzaha wa siku zote ulimtoka usoni.

"Kumbe ndicho ulichokuwa unakitaka."

"Ndicho."

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Ni nani huyo? Alilirudia kichwani mara ya mwisho, ili likitoka lisitoke na machozi, maana hakutaka kulia mbele yao.

Fundi alitoa mkono wake chini ya meza, akauchukua uma. Kipande cha kwanza cha ndizi hakikufika kwenye chokoleti. Kilianguka kwenye kitambaa cha meza. Cha pili akakichoma mara mbili tatu ndipo kikashika, nacho kikatumbukia sufuriani, chokoleti ikaruka mpaka kwenye fulana yake.

"Haya, uliza," alisema taratibu, bila kuinua macho.

Msusi alifungua mdomo na swali halikutoka. Uma ulikuwa ukigonga ukingo wa sufuria, ko-ko-ko-ko, haraka haraka, na haukunyamaza hata fundi alipoushika kwa mikono yake yote miwili.