Amri ya Kumi

Kwa miaka ishirini Perusi ndiye aliyewasomea waumini Amri Kumi kila Jumapili. Leo Damari, aliyemnyang'anya mume zamani, alipiga magoti mbele ya madhabahu akatubu, na kanisa zima likalia. Wanawake walimkumbatia. Wivu ulimpanda Perusi: yeye aliyeishika sheria maisha yake yote, nani amewahi kumkumbatia?

Zamu yake ya kusoma ilipofika, alisoma kwa sauti kavu hadi amri ya kumi, ile ya kutotamani cha jirani, akakomea hapo.

“Endelea, mama,” mchungaji alimhimiza.

“Siwezi, Mchungaji. Hii nimeivunja sasa hivi, nikiwa nimekaa pale mbele yenu.”

Akaifunga Biblia, akashuka mimbarani polepole. Damari, bado amepiga magoti, alimtazama kwa hofu, kisha akasogea kumpa nafasi kando yake kwenye mkeka.