Jumamosi Zangu

Nilikwenda kukodi tena jiko la jumuiya, ninakofundisha mapishi huku ugenini. Mtunza ukumbi akashangaa.

"Mbona mdogo wako ameshazichukua Jumamosi zote?"

Nikasukuma mlango. Mdogo wangu, niliyemtumia tiketi ya ndege mwenyewe, alikuwa akiwafundisha wanafunzi wangu kukanda unga. Donge lilizunguka viganjani mwake laini, kama kwa marehemu mama. Kwangu halijawahi kukubali. Na wanafunzi walikuwa wakicheka. Miaka miwili, mimi hawakunichekea hata siku moja.

Nikaingia ndani.

"Dada! Nilikuwa nakuja kukwambia..."

"Lini? Nikishazikwa?"

Nikanawa mikono, nikajifunga aproni, nikasimama nyuma ya wote.

"Endelea, mwalimu," nikasema. "Na sisi wa nyuma tunataka kuona."